Mlio Mzuri wa Pikipiki si Kelele

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo na waendesha bodaboda, Wilaya ya Mtwara

Ndugu wanakisomo, wazee wangu, na ninyi vijana mlioegesha pikipiki zenu pale chini ya mkorosho.

Leo nimeombwa niseme juu ya ekzosi ya pikipiki. Ekzosi ni lile bomba la kutolea moshi. Vijana wengi wanalikata, au wanalitoboa, au wanalitoa matumbo yake ili pikipiki ilie kwa nguvu. Vijana wanasema huo ni mlio mzuri. Wazee wanasema ni kelele. Mimi sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja tuelezane mambo matatu: kazi ya bomba hilo, hasara ya kulikata, na njia ya kupata mlio mzuri bila kumuumiza mtu.

Kwanza nitawasimulia kisa.

Jioni moja nilikuwa nafundisha kisomo katika kijiji kimoja karibu na mto Ruvuma. Tulikuwa tunafanya hesabu za mizani ya korosho. Mara tukasikia nje, "Pa! Pa! Pa!" Chaki ikaniponyoka. Nilipogeuka, nusu ya darasa walikuwa wamelala chini. Mama mmoja alikuwa amemfunika mtoto wake kwa mwili wake. Bibi mmoja alikuwa amekwisha toka mlango wa nyuma, anakimbilia mashambani.

Haikuwa bunduki. Alikuwa kijana wa bodaboda, amekuja kumchukua mama yake. Na mama yake ndiye yule aliyelala juu ya mtoto. Kijana alisimama mlangoni akicheka. Alipomwona mama yake anatetemeka, aliacha kucheka.

Ndugu zangu, mtu wa mbali anaweza kusema watu wale ni waoga. Si waoga. Wana kumbukumbu. Yule bibi alivuka Ruvuma akiwa mtoto, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964 na kwisha 1974. Mwezi wa Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo ya mto. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa. Mwezi wa Machi 2021 mji wa Palma, huko ng'ambo, ulishambuliwa, na watu wengi wakakimbia. Hata mjini Mtwara, katika ghasia za gesi za mwaka 2013, watu walisikia risasi na mabomu ya machozi. Kwa hiyo huku kwetu mlio wa "pa" hauishii sikioni. Unafika moyoni.

Na liko jambo baya zaidi. Tukizoea milio hiyo, siku risasi ya kweli itakapolia, watu watasema, "Aa, hao ni bodaboda tu." Hapo ndipo watu watakapokufa.

KAZI YA EKZOSI

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mipigo minne. Ndani yake, petroli iliyochanganyika na hewa huwashwa na cheche ya plagi. Hutokea mlipuko unaosukuma pistoni. Kisha moshi wa moto hutoka kwa nguvu.

Hebu tupige hesabu. Injini ya namna hii hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inalipua mara 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60. Unapata milipuko 50 katika kila sekunde! Bila kitu cha kuituliza, masikio yetu yangeshindwa.

Kitu hicho ni sailensa, yaani ile sehemu nene ya ekzosi. Ndani yake mna vyumba, vibomba na bati zenye matundu. Moshi ukipita humo unapanuka, unagonga kuta na kupoa. Nguvu ya mlio inapungua kidogo kidogo, na moshi unatoka nje umetulia.

Sailensa ina historia yake. Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, aliunda bunduki ya rashasha mwaka 1884. Wajerumani walitumia bunduki za rashasha kuwaua babu zetu katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Mtoto wake, Hiram Percy Maxim, alijulikana kwa kuunda vifaa vya kupunguza mlio, wa bunduki na wa injini pia. Baba alileta mlio. Mtoto akashughulika na kuupunguza.

JE, KUKATA EKZOSI HUONGEZA NGUVU?

Vijana wengi wanaamini hivyo. Pikipiki ikilia sana, mtu anaona kama inakwenda mbio. Lakini kelele si nguvu. Wahenga walisema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Na sailensa iliyotolewa matumbo ni debe tupu hasa.

Kiwandani, kabureta na ekzosi vimepimwa vifanye kazi pamoja. Ukifungua bomba, mpango huo unaharibika. Mara nyingi hewa inazidi na petroli inapungua, na injini inapata joto kupita kiasi. Tena nguvu ya mwendo wa pole pole inapungua. Sasa fikiri barabara zetu za mchanga. Umepakia gunia la korosho au mama mjamzito. Hapo unahitaji nguvu ya mwendo wa pole pole, si mlio.

Wengine huzima swichi pikipiki ikiwa inakwenda, halafu wakaiwasha tena. Petroli ambayo haikuungua huingia kwenye bomba lenye moto, hukutana na hewa na kulipuka humo humo. Hiyo ndiyo "pa" iliyomlaza mama chini. Petroli ile umeinunua kwa jasho lako, na haikukusogeza hata hatua moja. Tuseme unapoteza robo lita kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 6 na nusu. Andika bei ya lita moja katika daftari lako, kisha uzidishe. Jibu utalipata mwenyewe.

MASIKIO HAYAOTI TENA

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wanasema mtu anaweza kukaa kwenye sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ikifika 94, asizidi saa moja. Ikifika 100, robo saa tu. Pikipiki iliyokatwa ekzosi inaweza kupita 100 ukiwa karibu nayo.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele huviua, na vikifa haviroti tena. Mwendeshaji huanza kusikia mvumo usiku wakati kumetulia. Baadaye hasikii vizuri watu wakizungumza. Mwisho hasikii hata honi ya lori nyuma yake. Kwa hiyo kijana anayekata ekzosi anajiumiza yeye kwanza, maana yeye ndiye anayekaa na kelele hiyo kutwa nzima.

Na sheria nayo ipo. Kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini mimi napenda tufuate jambo hili kwa kulielewa, siyo kwa kumwogopa polisi.

NJIA YA KUPATA MLIO MZURI

Sasa kijana ataniuliza, "Mwalimu, mimi nataka pikipiki yangu ilie vizuri. Nifanyeje?" Swali zuri. Kupenda chombo chako kilie vizuri si kosa.

Ninyi mnajua ngoma. Ngoma kubwa hutoa sauti nzito. Ngoma ndogo hutoa sauti kali. Ekzosi ni hivyo hivyo. Sailensa ndefu yenye vyumba vikubwa hutoa mlio mzito, uliotulia. Bomba fupi lililo wazi hubweka. Na mpigaji hodari wa ngoma hapasui ngozi ili asikike.

Fanya hivi:

1. Kagua bomba kila mwezi. Sisi tunakaa pwani, na hewa ya chumvi hula chuma upesi. Tafuta kutu na matundu.

2. Tazama pale bomba linapoungana na injini. Pana gasketi. Ikiungua, moshi unavuja na pikipiki inalia "tap, tap, tap". Weka gasketi mpya na ukaze nati.

3. Tundu lichomelewe na fundi. Usizibe kwa kitambaa wala mpira, vitaungua. Kabla ya kuchomelea, bomba lifunguliwe na kupelekwa mbali na tangi la petroli.

4. Safisha kichujio cha hewa, kabureta na plagi. Mwambie fundi apime nafasi ya vali. Mara nyingi mlio mbaya unatoka huko.

5. Bomba likiisha kabisa, nunua jingine lililotengenezwa kwa ajili ya injini yako, lenye sailensa yake yote. Rudisha na bati la kinga, lisimchome abiria mguu.

6. Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inaua.

Ukimaliza hayo, washa pikipiki na usikilize. Utasikia mlio mmoja, mzito, unaokwenda sawa sawa bila kukatika. Fundi hodari akiusikia hutikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio mlio mzuri.

MWISHO WA KISA

Yule kijana wa Ruvuma alimpandisha mama yake jioni ile wala hawakusemezana. Wiki ya pili alikuja tena. Hatukumsikia mpaka alipofika mlangoni. Nilimwuliza, "Vipi, umebadili ekzosi?" Akanijibu, "Mwalimu, mama alikataa kupanda. Alirudi nyumbani kwa miguu siku tatu."

Yule bibi naye alikuwa amekaa mahali pake, kalamu mkononi. Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuandika.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu kelele za pikipiki humsumbua nani zaidi? Kwa nini?

2. Piga hesabu: kwa bei ya petroli ya leo, lita 6 na nusu ni shilingi ngapi?

3. Mkutano wa kijiji na vijana wa bodaboda wanaweza kukubaliana jambo gani juu ya ekzosi, kabla kesi haijafika polisi?