Umbali wa kweli

Haya ni maneno tuliyoyatoa katika kikao cha kamati za amani, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wakuu wa kambi na wazee wa mitaa inayowapokea. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome na wenzao ambao hawakuweza kufika.



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Tunajua kuna mama aliyeacha bidoni yake kwenye foleni ya maji ili akae nasi hapa. Kwa hiyo hatutarefusha maneno bila sababu.

Katika kikao kilichopita tuliwaletea habari ya mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika ofisi yetu ya Ulaya. Anajitayarisha kwa mbio ndefu sana, za kwanza katika maisha yake, na watu wanaomfahamu wanachanga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya kazi ya amani huku kwetu. Tulidhani habari hiyo itawafurahisha. Lakini mama mmoja alisimama na kutuuliza: "Huyo anatoka nyumbani kwake kwa kupenda, anakimbia, kisha anarudi kuoga na kula. Sisi tulitembea siku nne na watoto mgongoni, na hakuna aliyetupigia makofi. Kwa nini mnatuletea habari zake?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliliandika swali katika daftari, tukaenda nalo. Leo tumerudi kujaribu kulijibu.

Mbio zenyewe ni nini?

Mbio hizi zinaunganisha michezo mitatu kwa siku moja. Kwanza mtu anaogelea kilomita 3.8. Akitoka majini anapanda baiskeli kilomita 180. Akishuka kwenye baiskeli anakimbia kwa miguu kilomita 42.2. Tupime kwa njia tunazozijua. Kutoka Goma hadi Rutshuru ni karibu kilomita 70, kwa hiyo safari ya baiskeli peke yake inapita kwenda Rutshuru na kurudi. Sake iko karibu kilomita 25 kutoka Goma. Basi mbio za miguu ni kama kwenda Sake na kurudi zaidi ya nusu ya njia, na mtu amekwisha kuchoka tangu asubuhi.

Mbio hizi zilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, nchini Marekani. Afisa wa jeshi la majini, John Collins, pamoja na mke wake Judy, ndio walioleta wazo la kuunganisha mashindano matatu ya kisiwani kuwa moja. Wanaume 15 walianza, 12 wakafika mwisho. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Siku hizi mbio za namna hiyo zinafanyika katika nchi nyingi, na kwa kawaida kila mtu anapewa saa 17. Anayechelewa kupita hapo hahesabiwi kuwa amemaliza.

Mwenzetu si mwanamichezo wa kulipwa. Ni mtu wa ofisi, amepita miaka arobaini, na kuogelea vizuri alijifunza akiwa mtu mzima. Hatafuti kushinda, anatafuta kufika kabla saa hazijaisha.

Anavyojitayarisha

Kila mwezi anatuandikia. Alianza na kile alichokiweza: kukimbia dakika ishirini. Kila juma aliongeza kidogo. Anaongeza kwa majuma matatu, na juma la nne anapunguza ili mwili upumzike. Katika mwezi wa nne alijisikia mwenye nguvu, akazidisha umbali mara mbili kwa juma moja. Goti likavimba, akapoteza karibu mwezi mzima.

Jambo la pili, anajizoeza kubadilisha. Mtu aliyekaa saa nyingi kwenye baiskeli akishuka na kutaka kukimbia, miguu inakuwa kama mbao. Inakataa, hata kama mapafu bado yana nguvu. Kwa hiyo mara moja kwa juma anaendesha baiskeli, kisha papo hapo anakimbia kidogo, ili miguu izoee kugeuzwa kazi.

Jambo la tatu, anajizoeza kula na kunywa njiani kabla ya kusikia njaa na kiu. Anasema ukingoja mpaka njaa ikuite, umechelewa.

Na jambo la nne ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Jumamosi moja alikuwa kwenye baiskeli na rafiki yake, katika njia ambayo rafiki alidai kuijua. Alipochoka, rafiki akamwambia: "Jikaze, zimebaki kilomita kumi tu." Akamaliza nguvu zake zote katika zile kumi. Kumbe zilikuwa zimebaki thelathini. Akaketi kando ya barabara, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Rafiki hakuwa mtu mbaya, alitaka kumtia moyo. Lakini tangu siku ile mwenzetu anawaomba wote wanaomsindikiza: msinitie moyo kwa umbali wa uongo.

Kosa letu

Tuliposoma barua ile tulinyamaza, kwa sababu tulijiona ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kambi nyingine, tuliwaambia watu: "Vumilieni miezi mitatu tu, mtarudi kwenu." Hatukusema kwa ubaya. Sisi wenyewe tulikuwa tumeambiwa hivyo, na tulitaka kuwafariji. Kwa ajili ya neno lile baba mmoja alikataa kipande cha shamba alichopewa na mwenyeji wake. Alisema: "Nikipanda maharagi, atavuna nani?" Familia zingine hazikuandikisha watoto shuleni. Mama mmoja aliuza sufuria yake kubwa ili mzigo wa safari uwe mwepesi.

Miezi mitatu ikapita. Mwaka ukapita. Shamba lile mwenyeji alikuwa amempa mtu mwingine. Watoto walipoteza mwaka wa masomo. Tena tulipoitisha kikao kingine, watu hawakuja. Walikuwa na haki ya kutokuja.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, jibu letu ni hili. Mwenzetu hawezi kuwafundisha nyinyi kuvumilia. Mambo ya mwendo mrefu mnayajua kumpita. Yeye alichagua, nyinyi hamkuchagua. Yeye akishindwa atarudi nyumbani, nyinyi nyumbani ndiko mlikokimbia. Njiani yeye anakuta meza za maji na matunda, nyinyi mlikuta vizuizi na watu wenye silaha. Lakini kuna kitu kimoja anacho ambacho nyinyi mlinyimwa, na sisi ni miongoni mwa waliowanyima. Yeye anaambiwa umbali wa kweli.

Tunaloomba viongozi

Wakuu wa kambi na wazee, tunajua ni vigumu kusimama mbele ya watu wenye njaa na kusema "sijui." Watu wanataka tarehe. Kiongozi asiye na tarehe anaonekana hana nguvu, na anayetoa tarehe anapigiwa makofi. Lakini makofi yale yanalipwa baadaye, na wanaolipa ni watoto.

Tunapendekeza kila kikao kiwe na maneno matatu. La kwanza: habari hii tunayo, na tumeipata kwa fulani. La pili: jambo hili hatujalijua. La tatu: tutakutana tena siku fulani kuelezana. Siku ya kikao ni ahadi ambayo kiongozi anaweza kuitimiza. Siku ya kurudi si yake kuitoa.

Kwa familia tunasema hivi: tayarisheni mzigo kama mtaondoka kesho, lakini pandeni kama mtabaki. Maharagi yanaiva kwa miezi mitatu hivi. Anayepanda kisha akaondoka amepoteza mbegu kidogo, tena amemwachia mwenyeji wake zawadi. Asiyepanda kisha akabaki amepoteza mavuno, na ameendelea kuomba chakula kwa mwenyeji aliyekwisha kuchoka. Magomvi mengi tuliyoyasuluhisha kati ya wakimbizi na wenyeji yalianzia hapo. Vivyo hivyo mwandikisheni mtoto shuleni. Alichojifunza atakibeba kichwani, na hakitaongeza uzito njiani.

Kurudi si mwisho

Umbali wa kweli una neno jingine gumu. Wengi wetu tunafikiri kwamba siku ya kurudi ndiyo mwisho wa mbio. Hapana. Kukimbia vita ni mchezo wa kwanza. Kuishi ugenini ni wa pili, nao ndio mrefu. Kurudi ni kushuka kwenye baiskeli na kuanza mchezo wa tatu, wakati miguu imekuwa mbao.

Wengi waliorudi walikuta mtu analima shamba lao. Pengine mtu huyo naye alikuwa amekimbia kutoka mahali pengine. Wengine walikuta shamba limeuzwa na mtu asiye na haki ya kuliuza. Wajane waliambiwa kwamba mume akifa, mpaka wa shamba nao umekufa. Na waliobaki kijijini wakati wa vita waliwaangalia waliorudi kwa mashaka: "Ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?" Kijiji kinaweza kuwaka moto mara ya pili kwa maneno kama hayo.

Kwa hiyo tuanze mazoezi ya kubadilisha sasa hivi, tukiwa bado hapa. Kila familia iandike mashamba yake: mipaka iko wapi, jirani ni nani, shahidi ni nani, karatasi ziko wapi kama zipo. Mashamba ya wajane na ya yatima yaandikwe kwa majina yao. Njia ikiwa salama, wazee wa pande zote wakutane mapema na waliobaki kijijini, wawasikilize, kwa maana na wao wameteseka.

Wala mtu asisukumwe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba mtu anaweza pia kuchagua kukaa mahali pengine katika nchi yake. Zinasema tena kwamba wanaohusika washirikishwe kikamilifu katika kupanga kurudi kwao. Kiongozi anayewaficha watu umbali amekwisha kuwanyima uchaguzi huo.

Neno kwetu sisi wasaidizi

Katika zile mbio za kwanza za mwaka 1978, kila mshindani alikuwa na watu wake wa kumpa maji na chakula. John Dunbar alikuwa mbele ya wote aliposhuka kwenye baiskeli. Watu wake wakaishiwa maji, wakampa bia. Akapitwa, akawa wa pili.

Mnacheka, lakini sisi wa mashirika tusicheke sana. Mara ngapi tumewaletea kile kilichokuwa ndani ya gari letu badala ya kile mlichohitaji? Mkiona tunawapa bia wakati mna kiu ya maji, mtuambie hapo hapo, mbele ya watu. Hatutakasirika. Na tukikasirika, mtukumbushe maneno haya.

Kwa kumaliza

Mbio za mwenzetu bado. Hatujui kama atafika. Goti linaweza kuuma tena, au saa zinaweza kumpita. Akifika tutawaambia, na asipofika tutawaambia vilevile. Huo nao ni umbali wa kweli.

Mama uliyetuuliza swali, tumemwandikia na swali lako. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba una haki, na kwamba siku ya mbio, watu wakimpigia makofi, atawakumbuka waliotembea siku nne bila makofi. Hatujui kama neno hilo linakutosha. Tumekuletea kama lilivyo.

Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila kamati izungumze maswali haya matatu:

1. Ni ahadi gani ya tarehe tuliyopewa au tuliyoitoa, ambayo haikutimia? Ilituletea hasara gani?
2. Ni kazi gani tumeiacha kwa sababu tunasema "tutarudi hivi karibuni"? Tunaweza kuianza juma hili?
3. Tukirudi kwetu, ni jirani yupi tutakutana naye kwanza, na tutamwambia neno gani?

Sasa mama aende kuangalia bidoni yake.