Sanaa ya Wazee Wetu katika Malezi ya Interna

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni siku ya Jubilei



Sisi tuliolelewa katika interna ya misioni hii, pamoja na sisi tunaofundisha ndani yake leo, tumeombwa kusema neno juu ya malezi ya vijana. Wengine wamekwisha kusema juu ya madarasa, majengo na mitihani. Sisi tumechagua kusema juu ya macho: mtoto wa interna anatazama nini tangu kengele ya asubuhi mpaka taa kuzimwa, na vile anavyovitazama vinamfundisha nini.

Tukumbuke kwanza vitu tulivyovikuta hapa. Katika kanisa tulikuta Njia ya Msalaba yenye vituo 14. Katika chumba cha kulia tulikuta picha ya Moyo Mtakatifu. Darasani, ramani ya dunia. Kabla ya kujua kusoma Kifaransa, tulijua kusoma picha hizo. Katekista alisimama mbele ya kituo, akanyosha kidole, akauliza ni nani anayeanguka na ni nani anayemsaidia, nasi tukajibu. Mafundisho yaliingia kwa njia ya macho, yakakaa moyoni.

Basi, ndugu wapendwa, njia hiyo ya kufundisha haikuwa ngeni katika nchi ya Bulega. Wazee wetu waliijua zamani, nao waliitumia katika Bwami. Chama hicho kilikuwa na vyeo vilivyopandwa hatua kwa hatua, mpaka Kindi, kilicho cheo cha juu kabisa. Mtu hakupanda kwa mali peke yake. Alitakiwa kuwa na tabia njema, na ukoo wake ulimsimamia. Wala mume hakufika Kindi bila mke wake kuingizwa pamoja naye. Katika kila hatua walimu walitoa vitu mfukoni: sanamu ndogo za mti, za mfupa au za pembe ya ndovu, vinyago, na hata gamba la konokono, gamba la kakakuona, au mdomo wa ndege. Kila kitu kilikuwa na methali zake, nazo ziliimbwa na kuchezwa mpaka mwanafunzi afahamu.

Tutoe mifano miwili. Iko sanamu yenye nyuso nyingi iitwayo Sakimatwematwe, maana yake Mwenye-vichwa-vingi. Yafundisha kwamba mzee wa kweli hutazama pande zote kabla ya kukata neno. Kiko tena kinyago kidogo cha mti kiitwacho Lukwakongo, kilichopakwa udongo mweupe na kutiwa ndevu za nyuzi. Hakikuvaliwa usoni tu. Kilishikwa mkononi, kilitundikwa juu ya ua, kilivutwa hata chini kwa ndevu zake, na kila mara fundisho lilikuwa jingine. Wazee walikuwa na neno moja, busoga, kwa uzuri wa kitu na kwa wema wa mtu. Kwao kitu kizuri kisichomfanya mtu kuwa mwema hakikuwa kizuri bado.

Mwaka wa 1948 serikali ya wakoloni ilipiga Bwami marufuku. Mahali pengi katika Kongo vitu vya wazee vilichomwa moto, au vilichukuliwa kupelekwa Ulaya. Interna nayo ilikuwa na sehemu yake katika badiliko hilo, hata bila kuwasha moto wowote. Saa ile ya usiku ambayo mtoto alikuwa akikaa barzani kusikiliza wazee, sisi tulikuwa tumelala kwa safu katika nyumba ya kulala. Tulipata kusoma, kuandika na kuhesabu, nasi tunamshukuru Mungu kwa mema hayo. Lakini yale ya barzani hatukuyapata, na walimu wetu hawakuweza kutupa wasichokuwa nacho.

Sasa twafika kwenye jambo linalotuhangaisha. Wafanya biashara wanapita vijijini kununua vitu vya zamani. Na twajua jamaa zilizotoa kinyago cha babu, au kiti chake, ili kulipa minervali ya mtoto hapa kwetu. Tuseme wazi: mtoto ameingia shuleni kwa bei ya kitabu cha ukoo wake, naye hakujua kwamba kile kilikuwa kitabu. Kikifika mbali kinawekwa nyuma ya kioo. Watu wanakisifu kwa umbo lake, lakini methali zake zimebaki huku, kinywani mwa mzee mmoja au wawili. Nao wakifa, kitu kile kinakuwa bubu.

Kukirudisha ni kazi ngumu. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982 Ubelgiji ulirudisha vitu 114 kutoka Tervuren, na baada ya fujo za miaka ya 1990 vingine havikuonekana tena mahali pake Kinshasa. Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, nacho kilitolewa kwa mkopo tu. Kwa hiyo ni heri kutunza leo kuliko kudai kesho.

Pengine wako watakaouliza: je, huku si kurudia upagani? Tuwajibu kwa upole. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali sanaa ya mataifa yote ndani ya Kanisa, mradi iheshimu mambo matakatifu. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1943, Bruda Marc-Stanislas alianzisha Gombe Matadi shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka. Mwaka wa 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka wa 1957 ikawa Akademia ya sanaa. Nayo Misa kwa namna ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka wa 1988. Hatutaki kuweka vitu vya Bwami juu ya altare. Vitu hivyo vina wenyewe na masharti yake; kuvifanya pambo ni kuwakosea heshima wazee.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza: jamaa isiyo na fedha ipewe muda wa kulipa minervali kidogo kidogo, au ilipe kwa kazi na mazao, ili pasiwe tena na mtoto anayesomeshwa kwa kuuza urithi wake. La pili: wanafunzi wa madarasa ya juu waende kwa wazee wakati wa likizo, wenye ruhusa yao, waandike jina la kitu, mwenyewe, aliyekichonga kama anajulikana, na methali zinazokihusu. Wasiandike lile ambalo mzee hataki liandikwe, na daftari lile lisionyeshwe mnunuzi yeyote. La tatu: interna ipate mwalimu wa kuchonga kutoka vijijini mwetu, na viti vya kanisa, mimbari na msalaba vitengenezwe kwa mikono ya vijana wetu.

Baba Askofu, wazazi wapendwa, Jubilei ni siku ya kurudisha. Katika Agano la Kale, mwaka wa Jubilei kila mtu alirudia shamba la baba zake. Sisi hatuombi shamba. Tunaomba vijana wetu wajue kusoma vyote viwili: karatasi waliyopewa na misioni, na mti uliochongwa na babu zao. Wakitazama hivyo pande zote, watakuwa watu wenye busoga, na Kanisa litafaidika nao.