Mtoto Akikamatwa na Pombe, Umri Wake Usifichwe

(Hotuba kwa baraza la wazazi, walimu na wazee wa vijiji)



Likizo ya Desemba inakaribia. Hapa Gusii huo ni msimu wa jando, wa harusi na wa jamaa wa mijini kurudi nyumbani. Pia ni msimu ambao simu hulia usiku: "Mama, kijana wako yuko kituoni. Amepatikana na pombe." Mzazi anayepokea simu hiyo afanye nini?

Chukulia mvulana wa miaka 16, mwanafunzi wa sekondari, aliyenaswa kwenye msako jioni akiwa na chupa mbili mkobani. Nje ya kituo hapakosi mshauri wa kumwambia mzazi: "Mwambie aseme ana miaka 18. Kesho akubali kosa, mlipe faini kidogo, mrudi nyumbani." Ushauri huo unaonekana mwepesi, lakini bei yake ni kubwa. Anayejiita mtu mzima hushtakiwa kama mtu mzima. Atalala seli na watu wazima, atasimama katika mahakama ya wazi, na akikiri, hatia itaandikwa kwa jina lake. Miaka michache baadaye, akiomba cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi ili aajiriwe, ile faini ndogo inaweza kumzibia njia.

Mtoto anayesema ukweli kuhusu umri wake hupita njia nyingine. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kesi yake husikizwa katika mahakama ya watoto, faraghani, na jina lake halitangazwi. Mtoto hafungwi gerezani. Aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai hata kidogo.

Sheria hiyo pia inaruhusu shauri la mtoto liondolewe kwenye mkondo wa mashtaka na kumalizwa kwa njia nyingine. Mtoto akikubali alichofanya bila kushurutishwa, naye pamoja na mzazi wakaridhia, anaweza kuagizwa kupata ushauri nasaha, kuhudhuria shule bila kukosa, kuomba msamaha au kufanya kazi ya kijamii. Akitimiza masharti, habaki na rekodi ya jinai. Lakini mlango huo haumfungukii aliyejitangaza kuwa mtu mzima.

Kwa hivyo, wazazi, mambo ni haya.

Kwanza, nenda kituoni mwenyewe, nenda mapema, na ubebe cheti cha kuzaliwa. Ikiwa cheti hakipo, beba kadi ya kliniki au barua ya shule. Umri ukibishaniwa, mahakama inaweza kuagiza daktari aukadirie.

Pili, omba mtoto aachiliwe kwa dhamana, chini ya uangalizi wako. Dhamana halali huandikwa, na pesa zozote zinazolipwa huwa na risiti. Pesa zisizo na risiti ni hongo, na hongo ni kosa kwa anayetoa na anayepokea. Asipoachiliwa, ni lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti iwapo muda huo umeishia wikendi au sikukuu.

Tatu, siku ya korti, iwe ni Kisii, Ogembo, Keroka au Nyamira, mzazi awepo. Mtoto asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo, hata wa Ekegusii. Afisa wa watoto au wa probesheni akija nyumbani kuandika ripoti, aelezwe ukweli: masomo yakoje, nani anaishi na mtoto, pombe ilianza lini. Ripoti hiyo ndiyo humsaidia hakimu kuamua. Mzazi anayemficha mwanawe humnyima msaada.

Nne, na hili husahaulika: chupa zile ziliuzwa na nani? Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile wengi wanayoiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia au kumpa pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Hairuhusu pia baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Mvulana akirudi nyumbani na muuzaji akaachwa, Jumamosi ijayo atauziwa mwingine. Leseni za vileo ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa hivyo habari za baa au kibanda kinachouzia watoto zifikishwe kwa chifu au kwa ofisi ya kaunti iliyo karibu. Za kituo cha polisi na korti ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kaunti haiwezi kuziingilia.

Hata hivyo, lawama isiishie kwa mwenye baa. Ni nani humtuma mtoto akachukue busaa kwa jirani? Ni nani humwonjesha kijana pombe siku ya sherehe yake na kusema sasa amekuwa mwanamume? Mtoto huyo akikamatwa, wakubwa waliomwonjesha huwa hawaonekani kituoni.

Mzazi anayehitaji msaada apige 116, simu ya watoto, au 1192 ya NACADA kuhusu ulevi. Zote ni za bure.

Cheti cha kuzaliwa kitafutwe leo, kabla Desemba haijafika.