Kisomaji Kimoja, Antena Nyingi: Ufungaji wa Multipleksa ya Hereni za Kielektroniki kwa Wafugaji wa Akheri

Mada kwa ajili ya semina ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, maofisa ugani na mafundi umeme, Kata ya Akheri, Halmashauri ya Wilaya ya Meru

1. Utangulizi



Nchi yetu ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Namba 12 ya mwaka 2010. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Sasa linabaki swali la mfugaji mwenyewe: hereni ya kielektroniki anayovalishwa ng'ombe sikioni itanifaa nini siku zisizo za chanjo wala za mnada?

Hapa Akheri mashamba ni madogo, na migomba na kahawa zimeshachukua nafasi kubwa. Ndiyo maana tunafuga ndani na kumletea ng'ombe majani bandani. Faida yetu haitokani na wingi wa mifugo, inatokana na kumjua kila ng'ombe: amekula, hajala, ametoa lita ngapi, uzito umeshuka au umepanda. Ng'ombe anayeanza ndigana kali hupunguza kula, na mfugaji anayeliona hilo mapema humwita mtaalamu mapema. Hereni ikisomwa kwenye kihori, kwenye mizani na mahali pa kukamulia, na vipimo vya uzito na maziwa vikiunganishwa na kisomaji, kumbukumbu hizo huweza kujiandika zenyewe.

Kikwazo ni bei. Kuweka kisomaji kwenye kila kihori ni gharama ambayo vikundi vyetu vingi haviwezi kuibeba. Multipleksa ya antena inapunguza gharama hiyo kwa kufanya kisomaji kimoja kihudumie antena nyingi. Lakini ina masharti yake, na hoja yangu leo ni hii: multipleksa hugawa muda, kwa hiyo anayeifunga aanze kwa kuangalia ng'ombe anasimama au anapita.

2. Multipleksa inafanyaje kazi

Hereni zinazofuata viwango vya ISO 11784 na ISO 11785 hazina betri. Antena ya kisomaji hutoa uga wa sumaku wa masafa ya kilohezi 134.2, hereni hupata nguvu kutoka kwenye uga huo, kisha hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15. Namba yenye msimbo wa nchi huanza na tarakimu tatu za nchi hiyo. Tanzania ni 834 na Kenya ni 404. Masafa haya ya chini hupenya matope, mvua na mwili wa mnyama, ndiyo maana yakachaguliwa kwa mifugo. Masafa ya juu yanayotumika kwenye maghala ya bidhaa humezwa na maji, na mwili wa ng'ombe kwa sehemu kubwa ni maji.

Multipleksa ni swichi inayokaa kati ya kisomaji na antena. Huunganisha antena ya kwanza, ikasoma; huiachia, ikaunganisha ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho, kisha huanza upya. Ni kama zamu ya maji ya mfereji: kila shamba hupata maji yote ya mfereji, lakini kwa saa zake tu. Antena nazo hupata nguvu karibu yote ya kisomaji, kila moja kwa zamu yake. Kinachopungua ni muda.

Kuna faida ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii. Visomaji viwili visivyooanishwa, yaani visivyopiga na kusikiliza kwa pamoja, vikikaa karibu huharibiana kazi, kwa sababu kimoja kinapiga nguvu wakati kingine kinasikiliza. Kwa kuwa multipleksa huwasha antena moja tu kwa wakati mmoja, ugomvi huo haupo kati ya antena zake.

3. Hesabu ya hatua za ng'ombe

Katika kiwango cha ISO 11785, mzunguko kamili wa kisomaji kinachosoma aina zote mbili za hereni, inayojibu nguvu ikiwa bado inatolewa na inayojibu baada ya nguvu kukatwa, ni milisekunde 50 za kutoa nguvu na 20 za kusikiliza, jumla 70. Inapobidi kuisubiri hereni ya aina ya kwanza, muda wa kutoa nguvu huweza kurefuka. Tutumie 70 kwa hesabu yetu.

Chukueni njia nyembamba ya josho, ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja. Tuseme antena inalisoma sikio katika umbali wa sentimita 60. Ng'ombe anayeswagwa anaweza kwenda mita 2 kwa sekunde. Multipleksa yenye antena nne humaliza mzunguko kwa milisekunde 280, na kwa muda huo ng'ombe ameshasogea sentimita 56. Maana yake antena ina nafasi moja tu ya kumsoma, na akigeuza kichwa nafasi hiyo imepotea. Antena zikiwa nane, mzunguko ni milisekunde 560 na ng'ombe amesogea sentimita 112. Anaweza kupita bila kusomwa. Antena zikiwa mbili husogea sentimita 28, na kisomaji kinapata nafasi mbili.

Sasa njooni bandani. Ng'ombe akiinamisha kichwa kwenye kihori hukaa hapo dakika kadhaa. Hata tukiwa na antena 16 na kuipa kila moja milisekunde 100, mzunguko ni sekunde 1.6, na atasomwa mara nyingi kabla hajainua kichwa.

Kwa sababu hiyo, ufugaji wetu wa ndani unaifaa multipleksa kuliko josho au mnada. Mahali ng'ombe wanapopita, tusizidishe antena mbili kwa kisomaji kimoja, au tuweke visomaji tofauti vilivyooanishwa kwa waya.

4. Hatua za ufungaji

Kwanza, pimeni uchafu wa mawimbi. Chaja za bei nafuu, vidhibiti vya sola, baadhi ya taa za LED na mota ya mashine ya kukatia majani huweza kutoa kelele karibu na kilohezi 134.2. Washeni kila kitu bandani, kisha mtembee na kisomaji cha mkono mkiwa na hereni ya majaribio, mkiangalia wapi umbali wa kusoma unapungua. Kisomaji cha kudumu kipewe umeme wa betri ya volti 12 au ugavi usio na kelele.

Pili, ondoeni chuma karibu na antena. Antena ni koili ya waya. Bomba la chuma linaloizunguka hunyonya uga na kuihamisha kutoka kwenye masafa yake. Mbele ya kihori tumieni mbao au bomba la plastiki, na mwili wa koili usifungwe kwa waya wa chuma.

Tatu, elekezeni koili. Bapa la koili likielekeana na bapa la hereni, usomaji ni mzuri. Vikikaa pembe mraba, hereni inaweza isisomwe hata ikiwa karibu kabisa. Mwangalieni ng'ombe halisi akila, mwone sikio lake linakaa wapi, ndipo mtoboe ukuta.

Nne, pitisheni kebo kwenye bomba la plastiki, mahali ulimi na meno havifiki. Sanduku la multipleksa lifungwe juu, matundu ya kebo yakitazama chini ili maji ya masika yasiingie. Mvuke wa mkojo na samadi hula shaba, kwa hiyo viungo vyote vizibwe vizuri.

Tano, tuneni kila antena peke yake, yaani irekebisheni ifuate kilohezi 134.2, na mfanye hivyo baada ya kebo yake ya kudumu kuunganishwa, na kihori kukamilika. Antena iliyotuniwa mezani haitabaki na tuni hiyo bandani. Zimeni kisomaji kabla ya kugusa kapasita za kutunia, kwa sababu koili inayofanya kazi huweza kuwa na mamia ya volti.

Sita, zimeni kwenye mpangilio chaneli, yaani nafasi za antena kwenye multipleksa, zisizo na antena. Chaneli tupu hula muda bure.

5. Majaribio kabla ya kukabidhi kazi

Jaribio muhimu kuliko yote ni la antena jirani. Wekeni hereni kwenye kihori namba 1, kisha mtazame rekodi za kihori namba 2. Namba ikionekana huko, uga wa koili ya pili unaifikia hereni ya kihori cha kwanza, au swichi haiitengi vizuri koili ya kwanza inapokuwa nje ya zamu. Ongezeni nafasi kati ya koili hizo au punguzeni nguvu, mrudie. Mkiliacha tatizo hili, mtampa Ng'ombe A chakula cha Ng'ombe B kwenye daftari, na mtaalamu atatibu asiyeumwa.

Hakikisheni pia kwamba kila rekodi ina vitu vitatu: namba ya hereni, namba ya chaneli na saa. Mfumo usiotoa namba ya chaneli haufai kihorini hata ukiwa wa bei rahisi. Programu ichuje marudio, ili ng'ombe mmoja asijaze mistari mia kwa mlo mmoja.

6. Mapendekezo

Kwanza, vikundi vianze na banda moja lenye vihori vinne, vikijaribu hereni za aina zote mbili.

Pili, tuombe ushirikiano wa majirani zetu wa Tengeru: Kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, kwa upande wa mifugo, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kwa upande wa elektroniki, ili vijana wetu wa kata wafundishwe kutuni na kupima, siyo kufunga nati tu.

Tatu, kila mkataba na fundi utaje jaribio la antena jirani na jaribio la umbali wa kusoma mashine ya majani ikiwa inafanya kazi. Fundi alipwe malipo ya mwisho majaribio hayo yakishapita mbele ya mfugaji.

Mfugaji amegharamia ng'ombe, banda na majani. Ana haki ya kupata kumbukumbu anayoweza kuiamini kabla hajampigia simu daktari wa mifugo.