Mtoto Ametoka Hospitali: Ziwa Lisikauke
Mazungumzo na wamama siku ya kurudi nyumbani

Leo kuna furaha. Mtoto aliyeingia hapa mifupa mitupu, hana hata nguvu ya kulia, leo anashika ziwa na kunyonya. Lakini musikilize vizuri: kutoka hospitali si mwisho wa kazi. Watoto wengine wanarudi kwetu kisha majuma machache, wamekonda kuliko mara ya kwanza. Na wengine hawafiki.

Neno la kwanza ni hili: maziwa yanakuja kwa kunyonya. Mama wengi wanasema, "Muganga, maziwa yangu yalikauka." Ziwa si mtungi wenye kuisha. Ni kama chemchemi: ukichota, maji yanakuja, ukiiacha, udongo na majani vinaifunika. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatengeneza maziwa mengine. Akikosa nguvu ya kunyonya, mwili unaacha.

Ndiyo sababu tulifunga mpira mwembamba karibu na chuchu, na ncha yake nyingine ndani ya kikombe cha maziwa ya dawa. Mtoto alinyonya ziwa na mpira pamoja. Yeye alishiba, na ziwa liliamka. Kisha tulipunguza maziwa ya kikombe kidogo kidogo, mpaka akaongeza uzito kwa maziwa yako tu. Mizani uliiona kwa macho yako. Basi mtu asikudanganye kwamba huna maziwa.

Nyumbani fanya hivi. Nyonyesha kila mara mtoto anapotaka, mara 8 mpaka 12, mchana na usiku. Akilala sana, mwamshe. Mtoto zaifu halilii njaa yake. Amalize ziwa moja, kisha mpe la pili. Mpaka miezi 6 asipewe kitu kingine: hapana uji, hapana chai ya majani, hata maji. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata wakati wa jua kali.

Biberoni, hapana. Chupa ni ngumu kusafisha. Unga wa maziwa ni bei kali, na mama anaongeza maji ili mkebe udumu. Mtoto anaharisha, anakonda. Habari hii si mpya. Dokta Cicely Williams, aliyeandika juu ya kwashiorkor katika nchi inayoitwa leo Ghana, alisema waziwazi huko Singapore mwaka 1939 kwamba kuwashawishi wamama waache ziwa kwa ajili ya maziwa ya mkebe ni kuua watoto.

Mama mmoja atauliza, "Na shamba? Iko mbali." Mbebe mtoto, uende naye. Kama haiwezekani, osha mikono na sabuni, kamua maziwa katika kikombe safi, funika, weka kivulini. Wakati wa joto yatumike mbele ya masaa 4 kupita. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kilekile, pole pole.

Wababa, sasa ni zamu yenu. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi: bugali na maharagi, sombe na karanga, ndagala, yai kama iko. Anywe maji kila mara akisikia kiu. Yai na nyama visiwe vya bwana peke yake. Na kuni na maji, mtu mwingine abebe siku hizi.

Mama mkwe, usiseme maziwa ya huyu mke ni mabaya. Hata mama aliyekonda anatoa maziwa mazuri. Hata akishika mimba nyingine, maziwa hayageuki sumu. Kumuachisha mtoto kwa ghafula ndiyo njia ya bwaki. Na mama mwenye virusi vya Ukimwi ameze dawa zake kila siku na anyonyeshe; dawa hizo zinamlinda mtoto.

Mtoto akimaliza miezi 6, mwanzishie uji mzito wa mahindi, soya na karanga iliyosagwa, lakini ziwa liendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Zile pakiti za karanga ya dawa ni za mtoto mgonjwa aliyepita miezi 6. Si za mdogo wake, si za kugawa nyumba nzima, wala si za kuuza sokoni.

Mwisho, alama za hatari. Mtoto anayeshiba anakojoa mara 6 ama zaidi kwa siku. Akikojoa kidogo, akikataa ziwa, akiharisha, akipata homa, ama miguu yake ikivimba, usingoje siku ya kupima. Njoo siku ileile, hata usiku. Hatutakugombeza.

Kama hakuna alama hizo, mlete kupima kila juma kwenye sentre ya afya iliyo karibu nawe, pamoja na fishi yake. Usiseme, "Amepona, nitakwenda kwa nini?" Macho yanaweza kudanganya. Mizani inaona kukonda mbele ya macho kuona, na siku hizo chache ndizo zinazomwokoa mtoto.