Kikombe Kisichounguza Mkono

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao na wauzaji wa chai na vyakula sokoni



Nimeombwa nizungumze kuhusu vikombe. Nimesikia mmoja huko nyuma akicheka, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilisomea uandishi wa habari, si fizikia. Lakini hebu tazameni hapa mezani. Nina vikombe vinne: cha bati, cha kauri, cha karatasi na hiki cheupe cha stairofomu. Vyote vimemiminiwa chai ya birika moja sasa hivi. Cha bati sikigusi bila leso. Cha kauri nakishika mkono wake tu. Cha karatasi nakihamisha mkono huu hadi ule. Hiki cha stairofomu nimekishika tangu nianze kuongea, na ninachohisi ni uvuguvugu.

Siri yake ni hewa. Zaidi ya asilimia 90 ya kikombe hiki ni hewa, iliyofungiwa ndani ya vipovu vidogo vya plastiki. Hewa hupitisha joto polepole sana, mradi isipate nafasi ya kuzunguka, na ndani ya vipovu haina pa kwenda. Ndiyo kazi ya sweta na blanketi, na ya lile kapu lenye matambara ambalo mama huwekea sufuria ya githeri imalizie kuiva bila moto. Kwa unene ule ule, glasi hupitisha joto takriban mara 30 kuliko stairofomu. Chuma kisichoshika kutu ni kama mara 400. Alumini, ile ya sufuria zetu, ni maelfu. Karatasi yenyewe si mbaya, ila ukuta wake ni mwembamba. Ndiyo maana wengine huuza chai katika vikombe viwili vilivyopachikana.

Ila msidanganyike kwamba ukuta ndio kila kitu. Chai iliyo wazi hupoteza joto jingi kupitia juu, kwa mvuke. Kikombe cha stairofomu kisicho na kifuniko kinakuwa kama nyumba ya mawe isiyo na paa.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Kikombe cha bati ni kikali, lakini ni mkweli: kinakuambia chai ni moto kabla haijafika mdomoni. Stairofomu inanyamaza. Mkono unahisi salama, mtu anapiga funda, na ulimi ndio unaopata habari. Mtoto naye hukivuta mezani kwa sababu hakimuungui, na kwa kuwa ni chepesi, kinapinduka mara moja. Tafadhali, mteja mwenye mtoto mpeni kikombe kizito.

Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto linalopita nyuzi 65 kuna uwezekano wa kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu tunaujua Kenya, hasa Bonde la Ufa. Si chai peke yake inayotajwa. Tumbaku na pombe zimo pia. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo chai inayotoka jikoni bado iko mbali na 65. Katika kikombe kinachohifadhi joto, na kikiwa na kifuniko, itachukua muda zaidi kushuka. Mwambieni mteja asubiri kidogo. Najua foleni ya asubuhi ilivyo, lakini ni neno moja tu.

Kijana wa chipsi, wewe nawe: mafuta ya kukaangia hupita nyuzi 150, na plastiki hii huanza kulegea karibu na 100. Usitie ndani yake kitu kilichotoka kwenye karai sasa hivi. Na kumbukeni, tangu tarehe 5 Juni 2020 vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Mnaowauzia watalii njiani, jihadharini. Hapa sokoni navyo vinaishia mtaroni, wala haviozi.

Nisiitupe stairofomu yote, maana wahudumu wa afya wananiangalia. Makasha ya kubebea chanjo yana povu ukutani kwa sababu ile ile, ili chanjo nyingi zibaki kati ya nyuzi 2 na 8 hadi kijijini. Povu halitengenezi baridi. Linachelewesha joto la nje kuingia. Barafu ikiisha, au kifuniko kikiachwa wazi mama akiandikiwa kadi, kazi imeharibika.

Vikombe viko mezani. Anayetaka kuvigusa apite, na leso ya kushikia cha bati iko pale kando.