Gari Letu Lilikufa Marikiti Mara Mbili

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya vijijini)

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya gari la kikundi chetu. Wengi mnalijua: pikapu ya Peugeot 504, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa. Ni gari la nguvu, na 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lakini gari la nguvu nalo huugua.

Siku ya kwanza tulitoka upande wa Kilifi na maembe, tukavuka daraja la Nyali vizuri. Kufika Marikiti, kwenye foleni ya Digo Road, mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukajaa, injini ikazima. Tukatoa kifuniko cha oili: ndani mna kitu kama chai ya maziwa. Maembe tukayauza palepale kwa hasara.

Fundi tuliyemwita akasema, "Injini imekwisha, fanyeni oveholi." Nasi, bila kuuliza imekwisha kwa nini, tukatoa akiba yote, hata ya karo za watoto. Akafungua hedi, akabadilisha gasketi na ringi. Wiki ya pili, Marikiti tena, chai ya maziwa tena! Akina mama wengine walilia.

Makanika mmoja mzee wa Mji wa Kale ndiye aliyetufunza. Alituuliza kwanza, kama daktari: mnatia maji gani? Tukajibu, ya kisima. Maji yetu ya kisima yana chumvi, na rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu. Kumbe joto lilianzia hapo, na hakuna aliyeigusa.

Kosa la pili lilikuwa ndani. Silinda za 504 ni slivu zinazotoka, zimezungukwa na maji, na chini zina sili. Hedi ikitolewa, ni lazima slivu zibanwe kabla ya kuzungusha injini. Zisipobanwa husogea, sili hufa, maji huingia kwenye oili. Zetu hazikubanwa.

Basi ndugu, kabla ya kufungua injini, angalieni haya:

1. Moshi wa buluu: oili inaungua. Mweusi: petroli imezidi, kagueni kabureta na chujio la hewa. Mweupe usiokwisha, na maji yanapungua: gasketi ya hedi, au hedi yenyewe ina ufa.

2. Pimeni kompresheni ya silinda zote nne. Iliyo dhaifu itieni kijiko cha oili, mpime tena. Ikipanda, ni ringi au slivu. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

3. Injini inanguruma lakini gari haliendi: klachi inateleza. Msifungue injini!

4. Kelele kwenye gia moja tu: gia boksi. Mlio kwenye gia zote, unaobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta: difu. Mgongo "tak!" wakati wa kuondoka: viungo vya propela shafti.

Kulitengeneza mara ya pili tulichanga miezi mitatu. Leo gari linakwenda, na tuna kanuni zetu. Fundi aandike ubovu ni upi na umeletwa na nini, ndipo mweka hazina atoe pesa. Spea za zamani zirudi nyumbani tuzione. Rejeta inatiwa maji safi ya mvua na dawa yake ya kuzuia kutu.

Mnamkumbuka yule wa Luka 14, aliyeanza mnara bila kupiga hesabu? Ndio sisi. Na wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa rejeta.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Katika mradi wetu, iwe gari, pampu au mashine ya kusaga, ni nani anayeuliza "kwa nini" kabla ya pesa kutoka?
– Je, tuna daftari la matengenezo?